Aliyeniamia Ndege

Ashukuriwe Mungu aliyetupa siku sita za jasho na moja ya kupumua, akanifikisha uzee huu nikiwa bado na macho ya kuona. Haya yalinipata mwenyewe, mchana kweupe, sikuwa nimekunywa pombe wala sikuwa na homa. Mimi ni katekista mstaafu wa hapa Mchombe. Mtu wa namna yangu atapata faida gani kwa kudanganya?

Mwaka jana presha iliniangusha shambani. Daktari wa Ifakara alinipa dawa, akasema bila mapumziko hazitanifaa kitu. Binti yangu Edita, anayefanya kazi Dar es Salaam, akanipangishia chumba kando ya bahari, tukae wiki mbili. Lakini mpunga wangu ndio kwanza ulikuwa unainamisha vichwa. Wakulima mnajua: ndege kweleakwelea wakikuta dungu, lile jukwaa la mlinzi, halina mtu wakati huo, unabaki na mabua. Nilimwachia jirani yangu Kasimu kazi ya kuamia, kuwafukuza ndege hao, na moyo wangu ukabaki hukohuko.

Ningepumzikaje? Alfajiri niko macho, nimeshavaa viatu. Siku ya pili niliona ndege wadogo wametua mchangani, nikajikuta napiga makofi na kupaza sauti, "Haaa! Hooo!" Edita alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba, hao wanakula vidudu vya baharini! Mpunga uko wapi hapa?"

Siku ya nne Kasimu hakupatikana kwenye simu. Ya tano vilevile. Kichwa kikaanza kunigonga kama siku ile niliyoanguka. Nikafunga begi, nikamwambia Edita kesho narudi.

"Unarudi kuamia au kuzikwa, Baba?" akasema, machozi yakimtoka.

Nikatoka kutembea ufukweni, mbio mbio kama mtu aliyechelewa ibada.

Mbele yangu alikaa mzee mmoja, kofia ya ukindu imemshukia usoni, kombeo la kufukuzia ndege liko magotini. Kombeo, baharini! Nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba. Unakimbilia wapi, Katekista?"

Aliongea Kindamba, lugha ya kwetu. Nani angenijua huko?

"Nawahi shamba. Ndege watanimaliza."

"Dungu lako lina mtu. Kaa." Akapigapiga mchanga kwa kiganja. "Miaka yote umewafundisha watoto amri ya tatu, ya kuitakasa siku ya Bwana, na Jumapili ukitoka kanisani unapanda dunguni. Mimi nilifanya hivyohivyo, mpaka nikashushwa nimebebwa. Kaa, bwana."

Nikakaa. Niaminini, miguu ilijikunja yenyewe. Nilitazama maji yakija na kurudi, yakija na kurudi, bila mtu wa kuyasimamia. Sijui nilisinzia saa ngapi. Nilipoamka, jua lilikuwa utosini, kichwa kimetulia, na pembeni yangu hapakuwa na mtu. Zilibaki nyayo mbili pale alipokaa, za tope jeusi la bonde letu, bado bichi, juu ya mchanga mweupe.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile sauti. Salvatori, tuliyepakana naye mashamba! Alifia juu ya dungu lake miaka mitatu kabla, na mimi ndiye niliyeongoza sala kaburini.

Nilifanya ishara ya msalaba. Kisha nilirudi chumbani nikafungua begi, na usiku ule nililala kama mtoto. Wiki zangu mbili nikazimaliza.

Niliporudi Mchombe, Kasimu alinifuata kabla sijatua mzigo.

"Nisamehe, mzee. Malaria ilinilaza wiki nzima, na simu ilizima. Lakini ulimtuma nani? Kila siku tangu alfajiri mke wangu alimsikia mtu dunguni kwako, hooo, hooo, mpaka jua linazama. Tukasema mzee kapata kibarua hodari."

Sikuwa nimemtuma mtu. Nilizunguka shamba lote nikishika masuke. Yalikuwa mazima, yamejaa.

Nilimsimulia padri wetu. Akasema Salvatori aombewe Misa. Tulimwombea. Tangu hapo Jumapili sipandi dunguni. Nakaa barazani, na presha haijaniangusha tena.

Wewe unayesoma, usidhani shamba limesimama kwa sababu ya sauti yako. Shuka kwa miguu yako mwenyewe, usingoje kushushwa. Mungu aibariki mikono yako inapofanya kazi, na aibariki zaidi inapolala mapajani, imetulia. Amina.