Chafya Iliyopeperusha Nywele za Aymar

Jamani, chafya moja tu imenifanya mwongo.

Mimi ni Eulalie, mchoraji wa picha ndogo hapa Paris. Nachora sura za wakubwa kwenye kipande chembamba cha pembe ya ndovu, kinachowekwa kwenye kidani. Nyuma yake, chini ya kioo, tunapanga nywele za mwenye sura. Bila nywele, mteja anaona umemuuzia rangi tu.

Bibi Valcourmont aliniletea nywele za mwanawe Aymar, aliyefia vitani Urusi.

"Binti, hizi ndizo zilizobaki. Zitunze kama roho yako."

Nikawa nazipanga, vumbi la rangi likanipanda puani. Nikapiga chafya ya nguvu. Nywele zikaruka hadi kwenye jiko la mkaa.

Fyuu! Zikaisha.

Nililia, acheni tu. Kisha, Mungu anisamehe, nikashika mkasi, nikamkata binti yangu Zélie kishungi cha kisogoni. Rangi ilifanana.

"Mama, unanikata ya nini?"

"Tulia, zimekaa vibaya."

Jana bibi akaja kuchukua kidani. Ile sura wala hakuitazama sana. Alikigeuza, akabusu nyuma. Akabusu tena.

"Karibu nyumbani, mwanangu."

Roho iliniuma. Nikajikuta miguuni pake.

"Bibi mkubwa, nipige ukitaka. Za Aymar ziliungua. Hizo ni za binti yangu."

Nikasubiri kofi. Halikuja.

"Hata zile hazikuwa zake," akasema.

"Eti?"

"Kutoka Urusi hakikurudi hata kifungo cha koti lake. Nilimkata nywele mtunza farasi wangu. Ningekuja mikono mitupu, ungenionaje? Mama gani hana hata unywele wa mwanawe?"

Tukabaki tunatazamana, waongo wawili.

Nikashusha pumzi. Nilidhani yameisha.

"Mtoto mwenyewe yupo?" akauliza kwa sauti ndogo.

Nikamwita Zélie. Bibi akamvua kofia, akapitisha vidole taratibu hadi pale nilipokata.

"Aymar alikuwa na nywele laini hivi hivi," akasema, machozi yakimtoka.

Zélie akanigeukia. "Mama, si ulisema zimekaa vibaya?"

Nikamvisha kofia yake.

Ndugu zangu, ukikimbilia kuomba radhi, anza na yule wa kwanza uliyemdanganya. Mimi nilimpigia magoti bibi wa watu, na wangu wa kumzaa hata sikumkumbuka.