Safari ya Boito, kwa Samaki Waliokataa Kukua

Mwezi wa tano, mwaka mmoja wa miaka ya tisini, ofisi yetu ya samaki mjini Kericho ilipokea barua kutoka Boito. Aliyeiandika ni Grace Chepkoech, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliochimba bwawa bondeni, chini ya mashamba ya chai. Ilikuwa fupi: "Samaki yetu imekataa kukua. Wazee wanataka kufukia bwawa wapande chai. Kujeni haraka."

Ofisi iliichukulia haraka hiyo kwa uzito. Tukafanya mikutano minne. Mwishowe ikaamuliwa aitwe mtaalamu kutoka Nairobi, Daktari Fanuel, aliyesomea ng'ambo lishe ya samaki, nami niandamane naye kubeba vyombo. Nilikuwa na diploma ya ufugaji wa samaki na miaka miwili kazini, lakini mkuu wangu alinionya, "Wewe usiongee. Mgeni ndiye ataongea."

Saa mbili asubuhi tuliondoka Kericho kwa Landrova ya serikali. Daktari alikaa mbele, mashine yake ya kuonyeshea picha ukutani ikiwa mapajani kama mtoto mchanga. Mpaka Litein alinieleza habari za asidi amino: kwamba protini si kitu kimoja bali imeungwa kama shanga kwenye uzi, kwamba samaki anahitaji aina kumi ambazo mwili wake hauwezi kujitengenezea, na kila moja ina kipimo chake. Alizungumza vizuri, kwa mapenzi kabisa. Chai ilipita dirishani, kijani kibichi mpaka macho yanapokoma, na hakuiona.

Tulipoipita Mogogosiek tukazama kwenye matope. Lori la majani chai lilituvuta, mimi na dereva tukisukuma kwa nyuma. Daktari alibaki ndani kulinda mashine.

Saa tano tulifika Boito, tukakuta kanisa limejaa. Grace, mama mrefu mwenye buti za mpira, alitusalimu "Chamgei" na kutupa mursik, maziwa yao ya kibuyu, vikombe viwili viwili. Daktari alizunguka kuta zote nne akitafuta mahali pa kuchomeka waya.

"Stima iko wapi, mama?"

"Stima iko kwa kiwanda ya chai, Daktari. Hapa tuko na dirisha."

Basi picha tukazishikilia dirishani, na kanisa zima likapanga foleni kama ya meza ya Bwana, kila mtu akichungulia kwa zamu. Kisha Daktari akahutubu. Aliyetafsiri kwa Kipsigis ni Mzee Samweli, mzee wa kanisa. Daktari alitaja histidini, isoliusini, methionini, akachora, akafuta, akachora tena. Samweli alisikiliza macho yamefumbwa. Mwishowe akasema sentensi mbili tu, na watu wote wakaitikia, "Aaah!"

"Umewaambia nini?" Daktari akauliza.

"Nimewaambia mahari ni ng'ombe kumi. Ukileta tisa nono na moja ikose, hupati bibi."

"Lakini nimesema mengi zaidi ya hayo!"

"Umesema," Samweli akakubali. "Lakini ni hiyo tu."

Grace akasimama. "Sisi tunalisha pumba ya mahindi na mabaki ya ugali. Hapo ni ng'ombe gani imekosa?"

"Hasa laisini," akajibu Daktari.

"Na inapatikana wapi?"

"Inatengenezwa ng'ambo, huja kwa mifuko. Andikeni maombi kupitia ofisi."

Macho yote yakanigeukia mimi, mtu wa ofisi. Nikaanza kukunja waya wa mashine.

Saa nane tuliteremka bwawani. Wanaume watano walikuwa wanangoja na majembe, wakiongozwa na Joel, mume wa Grace. Akina mama walikokota wavu. Samaki wa mwaka mzima walikuwa kama kidole gumba, na mmoja alikuwa amebeba mayai kinywani, kama wafanyavyo samaki wa aina hiyo. Tayari alikuwa mama. Daktari alishangilia. Akapima, akapiga picha, akasema hajawahi kuona mfano mzuri wa upungufu kama huo.

"Umefurahi, Daktari?" Joel akauliza.

"Sana!"

"Basi tuanze kufukia."

Grace aliingia majini mpaka magotini, akasimama mbele ya majembe. Hakumtazama mtaalamu, alinitazama mimi.

"Damu," nikasema. "Mwenye bucha sokoni anamwaga damu ya ng'ombe. Ina laisini nyingi. Ichemsheni, muianike, muisage, mchanganye na pumba. Tieni na vumbi la omena, wale dagaa wa ziwani, kwa sababu damu peke yake haitoshi. Na hawa wadogo muwapunguze, wamejazana."

Daktari alifungua kitabu chake, akapitisha kidole kwenye jedwali. "Ni kweli," akasema. "Iko hapa."

"Na mbona hukusema?" Grace akamuuliza.

"Hamkuuliza damu, mama. Mliuliza laisini."

Mzee mmoja alinung'unika kwamba damu walikuwa wakiinywa wao walipokuwa vijana, na leo inapewa samaki. Joel akacheka, akatia jembe begani. "Mpaka Desemba. Ikikataa, ni chai."

Jioni tulirudi Kericho. Kesho yake mkuu alinikaripia, na katika ripoti damu ikageuzwa kuwa "malighafi mbadala". Pendekezo lilikuwa moja: semina nyingine, safari hii hotelini, penye stima.

Desemba niliomba ruhusa ya siku moja nikaenda Boito peke yangu. Baridi ya kule haikuzi samaki upesi, lakini wengi walikuwa wametimia ukubwa wa kiganja. Ukingoni Joel alikuwa akiwaeleza wageni kutoka Londiani jinsi alivyofikiria habari ya damu. Alitaja laisini mara tatu. Grace alisimama kando yake akitikisa kichwa kukubali.

Lishe ya samaki niliisomea chuoni. Namna ya kuokoa bwawa nilifunzwa siku ile ya Desemba, nilipomvuta Grace pembeni na kumuuliza kwa nini anamwachia mumewe sifa zote.

"Wacha aseme ni yake," akanijibu. "Yake hawezi kufukia."