Wiki ya Siku Kumi na Moja

Bado nina hasira, na sitaki mtu aniambie nimwachie Mungu. Mungu hakubonyeza kitu. Nilibonyeza mimi.

Nakarabati kompyuta Pasua, mjini Moshi, kwenye kibanda chenye mlango wa bati, na naishi mtaa wa Soweto, hapohapo mjini. Jumamosi napanda kwa mama, huko juu mlimani, kwenye kihamba alichoachiwa na baba: migomba, kahawa kidogo, magimbi, na ng'ombe mmoja wa bandani. Kihamba hicho kinaishi kwa mfongo. Mfongo ni mfereji wa udongo ambao mababu waliuchimba kutoka mtoni, kule juu msituni, wakaupitisha kwenye vilima hadi migombani mwa watu. Hauna mwenyewe mmoja. Wenyewe ni wote wanaouzibua. Ukipigwa msaragambo kila nyumba inatoa mtu na jembe, na asiyetokea anajua atakavyosemwa. Maji yanagawanywa kwa zamu, na zamu ni jambo linaloweza kuwafanya ndugu wa tumbo moja wanyimane salamu hadi kaburini.

Zamu zote zilikuwa kwenye kaunta buku moja nene. Kila siku ya wiki ilikuwa na kurasa zake, na pembeni maelezo: fulani amempa jirani asubuhi yake kwa kuwa ana msiba, fulani na fulani wamebadilishana mpaka mahindi yavunwe. Kati ya maelezo hayo lilikuwamo la baba. Baba yangu mdogo aliwahi kuugua mgongo, miaka mitatu hashiki jembe, na baba akamchimbia sehemu yake ya mfongo muda wote huo. Baba mdogo alipopona akampa baba Alhamisi yake, nzima, moja kwa moja, akaweka dole gumba mbele ya wazee. Zamu yetu ya asili ilikuwa asubuhi moja kila baada ya wiki mbili, maji yasiyotosha hata magimbi. Alhamisi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha mama.

Kisha wakaja vijana wawili wa mradi, na gari safi na fulana zilizoandikwa. Walikuwa na programu ya simu ya kupanga zamu za maji. Bure, walisema, na wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Alihitajika mtu wa kuingiza daftari lote humo, nikaitwa mimi, nikafanywa katibu. Zamani kwetu mwanamke hakukanyaga hata ukingo wa mfongo wakati wa kuchimba, sembuse kushika daftari lake. Mama alinichinjia kuku. Niliandika kwa siku nne, na kwenye masharti, ambayo yalikuwa kurasa kwa kurasa za Kiingereza, nikabonyeza Nakubali bila kusoma. Mimi, ninayewagombeza wateja Pasua kwa kosa hilohilo, kila siku ya Mungu!

Ile programu haikuwa na nafasi ya maelezo ya pembeni. Nilimuuliza kijana mmoja, akasema niandike tu mwenye zamu kwa sasa, ya nyuma hayana maana. Basi Alhamisi nikaandika jina la mama, na hadithi ya mgongo na dole gumba nikaiacha.

Halafu tukachoma daftari. Hapa mtu wa nje atashangaa, lakini kwetu hiyo ndiyo desturi. Daftari likijaa, linanakiliwa kwenye jipya mbele ya watu, kisha la zamani linachomwa palepale, asije mtu baadaye akafukua ukurasa wa babu yake na kudai maji. Mzee wa mfongo, mwenye kauli ya mwisho juu ya maji, alisema maneno yaleyale yanayosemwa kila mara: kumbukumbu mbili ni ugomvi mmoja. Ni desturi nzuri, na ilifanya kazi kwa sababu daftari jipya nalo lilikuwa letu. Ningesema "subirini" tu, wangenisikiliza. Sikusema. Nilikuwa nimeshiba kuku na sifa. Karatasi zikawaka, tukanywa mbege.

Mwaka mmoja mambo yalikwenda. Kisha asubuhi moja ya kiangazi, katikati ya ukame wenyewe, simu zote zikaonyesha ukurasa mweupe. Programu imenunuliwa na kampuni nyingine, ulisema. Asanteni kwa kuwa sehemu ya familia yetu. Chagueni kifurushi, lipeni kwa kadi ya benki.

Familia! Familia gani inayokufungia mlango ukiwa na ndoo mkononi?

Nilikuwa tayari kulipa, nasema wazi, sikuwa nalilia cha bure. Nikaweka kadi yangu. Ikakataliwa: kifurushi ni cha taasisi, leteni namba ya usajili. Mfongo uliochimbwa na mababu hauna namba ya usajili. Nikawaandikia kwamba programu siitaki tena, nataka orodha yetu tu, majina na siku. Baada ya wiki mbili wakaniletea faili. Faili hilo linafunguka kwa programu yao peke yake, ileile iliyofungwa. Ni kama mtu akwambie ng'ombe wako nimekurudishia, yumo zizini kwangu, na ufunguo ninao mimi. Nilijaribu kila njia ninayoijua, na ninazijua nyingi, maana kufufua mafaili ya watu ndiyo kazi inayonilisha. Nikagonga mwamba.

Mzee wa mfongo akasema nimpigie huyo mtu, ataongea naye mwenyewe. Nikapiga namba ya huduma, nikaweka sauti juu. Sauti tamu ya kike ikasema, "Habari! Mimi ni msaidizi wako. Bonyeza moja."

Mzee ana miaka themanini na ushee. Aliiangalia simu kwa macho makali. "Huyu anaongea na nani? Hata shikamoo hajafundishwa?"

"Ni mashine, meku," nikamjibu, kama tunavyowaita wazee wetu.

"Basi niitie mwenye mashine."

Nikabonyeza moja, nikabonyeza tatu, nikabonyeza sifuri. Mwenye mashine hakupatikana, siku ile wala baadaye. Vijana wa fulana nao walishahamia mradi mwingine.

Mjini nikisimulia haya, wapo wanaonicheka. Wanasema ndiyo maendeleo, ukitaka vya kisasa ukubali masharti. Upuuzi. Kompyuta za kibandani kwangu zinaendeshwa na programu huria, na nilizipenda tangu nilipoelewa jambo moja: aliyeziandika ameacha maelekezo yake wazi. Akifa, akifilisika, akinuna, mwingine anafungua, anasoma, anaendelea. Wanaoziandika wengine ni watu wenye vyeo na wengine wana vibanda kama changu, na wote wanatokea na jembe. Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi mjini Moshi uombe koki ya nusu inchi. Hakuna atakayekuuliza bomba lako lilinunuliwa wapi. Itaingia, kwa sababu watu walikubaliana nusu inchi ni nini na hakuna aliyeifanya siri. Orodha ya majina na siku za wiki ni kitu rahisi kuliko koki. Kuifunga ndani ya faili lisilosomeka na mwingine si ufundi, ni wizi uliovaa tai. Walijua. Mtu hatengenezi mlango unaofunguka upande mmoja kwa bahati mbaya.

Na mimi nilijua. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Haya yote nayahubiri tangu nifungue kibanda, na nilipopewa daftari la watu wangu nikalitia mwenyewe ndani ya kinywa cha chatu kwa sababu mtu alisema bure.

Maji nayo hayakusubiri. Wenye nguvu wakaanza kufungua mfongo kwa ubavu, na watu wawili wakapigana kwa majembe hadi mmoja akashonwa. Mzee akaitisha mkutano. Kila nyumba itaje zamu yake, akasema, tuandike upya. Wakataja, mmoja baada ya mwingine, wengi wao watu wa kanisani, na mimi nikijumlisha kwenye karatasi. Tulipomaliza, wiki ya mfongo wetu ilikuwa na siku kumi na moja.

Alhamisi nayo ilikuwa na wenyewe wawili: mama na baba mdogo. Mzee akamuuliza mama shahidi wake ni nani, maana kumwagilia tu si ushahidi, zamu huazimwa. Walioshuhudia dole gumba wote wako ardhini, na mzee mwenyewe miaka ile alikuwa akifanya biashara Tarakea. Nikasimama.

"Niliandika mimi. Kwa vidole hivi. Alhamisi ilikuwa ya mama."

Baba mdogo hakunikasirikia. Si mtu mbaya, kahawa yake nayo ilikuwa inakauka, na nadhani alikuwa ameshajisadikisha. "Basi tuonyeshe, binti yangu," akasema. "Si imo kwenye kompyuta? Fungua."

Nilikuwa na faili mfukoni, ndani ya simu. Jina la mama limo humo mpaka leo, kwa siku yake. Watu wakanisubiri. Sikuwa na cha kulifungulia. Mmoja akacheka, kisha wakacheka wengi, na nikasikia nyuma mtu akisema kumbe msomi naye anadanganya kwa ajili ya maji.

Mama akainuka. Alikuwa amejifunga kitenge chake cha kanisani kwa ajili ya mkutano.

"Andikeni Alhamisi ni ya shemeji," akasema. "Maji nitabeba kichwani. Mwanangu hataitwa mwongo mbele yangu."

Nikasema, "Mama, hapana." Hakunitazama. Mzee akanisogezea kaunta buku mpya, maana katibu nilikuwa bado mimi na hakuna aliyekumbuka kuniondoa. Nikashika kalamu, nikaikandamiza kwa hasira hadi wino ukatia doa. Mama akaja akasimama karibu na bega langu. Nilidhani ananifariji.

"Andika kwa herufi kubwa, mwanangu," akasema, "asije mtu akashindwa kusoma."

Nikaandika, kwenye Alhamisi, jina la baba mdogo.