Madabodi Iliyokwama Katikati ya Wimbo

Wako watakaosema nilikuwa na njaa, au jua lilinipiga. Nilikuwa nimeshiba mbaazi za nazi, nimekaa kivulini ndani ya nyumba yangu mwenyewe, Mtopanga, mchana kweupe. Haya ninayokusimulia niliyaona kwa macho haya mawili. Laiti yangekuwa uongo, ningekuwa nalala vizuri zaidi.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa mpiga kinanda kwenye mahoteli ya Bamburi, na nilikuwa nimeingiwa na wazimu wa kuunda kompyuta ya kurekodia muziki nyumbani. Kasha nilikuwa nalo, diski nilikuwa nayo, skrini nilipewa na rafiki. Kilichobaki ni madabodi, ule ubao mkubwa ambao kila kitu ndani ya kompyuta huchomekwa juu yake.

Muuzaji kule mjini aliniwekea mbili mezani. Moja ilikuwa na sauti humo humo, unaiwasha leo na leo hiyo hiyo unarekodi. Ya pili ilikuwa na nafasi za kutosha za kuchomekea kadi, lakini ilihitaji kadi ya sauti ya peke yake, na kadi yenyewe ilikuwa haijafika kutoka Nairobi.

"Hii ya kwanza ni ya barua na hesabu," aliniambia. "Ukiitwika muziki mwingi itakwama. Subiri kadi, ndugu yangu."

Ningesubiri vipi? Mama Mkubwa Dama alikuwa karibu kuondoka. Huyu ni dada mkubwa wa mama yangu, alikuwa ameshuka kutoka Bamba kuja kutibiwa macho, na mvua zikianza angerudi kupanda mahindi yake. Alikuwa mwimbaji wa ngoma za pepo, zile zinazochezwa kwa kayamba, na alikuwa na wimbo mmoja aliopewa ndotoni tangu usichana wake. Hakuna mwingine aliyeujua. Huo ndio nilioutaka, na nilimbembeleza sana kabla hajakubali, tena kwa sharti.

"Wimbo huu, mwanangu, una kuita na una kuaga," alisema. "Ukishaita huwezi kukatia njiani. Mgeni aliyeitwa lazima aketishwe, halafu aagwe. Hicho chombo chako kitafika mwisho?"

"Kitafika, Mama Mkubwa."

Basi nikanunua ile ya kwanza.

Aliimba asubuhi, akitikisa kayamba lake, mwanzo hadi mwisho, na wallahi sijasikia tena sauti nzuri kama ile. Akaenda kujilaza chumba cha nyuma. Mimi nikakaa kuongeza kinanda na besi juu ya sauti yake. Mchana, jua likiwa utosini na mtaa mzima umenyamaza, nikaucheza wimbo wote kwa pamoja nisikie ulivyokaa. Ukafika pale anapoita: "Njoo mgeni, njoo, mkeka umetandikwa." Kompyuta ikakwama. Mkeka ume. Mkeka ume. Mkeka ume. Nikabonyeza kila kitufe, wapi.

Hapo nikasikia hodi.

Wewe ungejibu nini? Mtu wa pwani akisikia hodi husema karibu kabla hajageuza shingo, nami ndivyo nilivyofanya.

Akaingia mwanamke wa makamo, kajifunga leso mbili, miguu imejaa vumbi jekundu, na mchanga wa kwetu Mtopanga si mwekundu. Hakunisalimia. Alikwenda hadi katikati ya chumba, akainama kama mtu anayetaka kukaa chini, na kabla hajafika sakafuni akainuka. Akainama tena. Akainuka. Niamini, alikuwa akiifuata ile sauti: kila "mkeka ume" anainama, ikirudi nyuma anainuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka vibaya sana. Hadi leo kinachoniuma si hofu. Mkeka nilikuwa nao pale pembeni, umekunjwa, na sikufikiria kumtandikia.

Nilichofanya ni kuchomoa waya ukutani.

Yule mgeni akasimama wima, akanitazama.

"Umeniita," akasema taratibu. "Hukuniketisha, wala hukuniaga. Sasa niende wapi?"

Akapita kando yangu, si kwenda nje, bali kwenye chumba cha nyuma.

Nilimfuata. Nilimkuta Mama Mkubwa peke yake, ameketi kitandani, anajaribu kuimba ili afike kwenye kuaga. Alifika pale pale kwenye mkeka, akanyamaza. Akaanza upya. Hadi jua linazama alikuwa akijaribu, na maneno yote yanayofuata hapo yalikuwa yamemtoka.

Hakunilaumu hata siku moja. Mvua zilipoanza alirudi Bamba, na miaka michache aliyoishi huko alikuwa akitandika mkeka kila mchana mbele ya nyumba na kuukodolea macho. Watu walisema ni uzee. Kadi ya sauti ilifika, nikanunua ile madabodi ya pili, na ni nzuri kweli, haijakwama hata mara moja. Nikaifungulia rekodi yetu. Inakwenda safi hadi "mkeka ume", kisha linabaki kayamba peke yake mpaka mwisho. Tulimzika Mama Mkubwa bila wimbo wake.

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea miaka yote hii. Kwa hivyo wewe unayeunda kompyuta yako, usichague ubao kwa sababu tu ndio uliopo leo. Na kama nyumbani kuna mzee mwenye wimbo, kaa naye uushike kwa mdomo wako kwanza, ndipo uupe mtambo.

Mimi hadi sasa, jua likiwa utosini, hupigiwa hodi. Siku hizi natandika mkeka kwanza, halafu ndio nasema karibu. Simwoni mtu, ila nasikia ukindu wa mkeka ukilia, mtu anaketi. Tunakaa hivyo, mimi na yeye, kwa sababu maneno ya kumuaga siyajui.