Buti Mbili za Kushoto

Miaka ile bidhaa zilipoadimika, tulikuwa tunaweka jiwe kushika nafasi kwenye foleni. Siku duka moja la ushirika hapa Musoma lilipoleta buti za mpira, mzee mmoja wa Suguti alisimama mbele yangu tangu alfajiri, kando ya jiwe lake, maana hakuliamini. Saa saba akapewa buti zake, zote za mguu wa kushoto.

"Kikitoka hakirudi," muuzaji akasema.

Mzee akazivaa pale pale, akapiga hatua tatu kama bata.

"Zimenikaa. Huu mguu wa kulia ulikuwaga unaelekea kushoto tangu utoto."

Nilicheka mpaka zamu yangu ilipofika, nikapewa mbili za kulia.

"Mzee, bahati yetu. Tubadilishane moja moja."

Akanitazama kuanzia miguuni. "Kijana, nimesimama tangu alfajiri. Nikupe buti nzuri hivi?"

Akaondoka akichechemea kwa heshima zote. Aliyesimama kiasi kile hawezi kukiri kwamba alisimamia upuuzi. Ni rahisi zaidi kuusingizia mguu.

Wiki ya pili shambani Buhare, nilikuwa nimeshagundua kwamba mguu wangu wa kushoto ndio wenye kasoro.