Waya Mahali pa Kamba

Treni ya kutoka Tabora iliharibika mara mbili kabla ya Kigoma. Pale nilisubiri siku nne, kisha nikapanda meli ya mizigo na kukaa juu ya magunia ya chumvi hadi Bujumbura. Wengine walikuwa wakivikimbia vita vya huko. Mimi niliviendea, kwa sababu tu nilikuwa na miaka ishirini na miwili na mji ule sikuwahi kuuona.

Nilipata kazi mtaa wa Nyakabiga kwa fundi wa kuchomelea, Mwislamu wa mjini tangu babu zake. Malori ya taka yalikuwa yameacha kupita, na mto uliokatiza mitaa yetu ulibeba kila kitu hadi ziwani: viatu, chupa, mifuko, hata migomba. Mabomba yalipokauka, wanawake wa mtaa walikwenda kuchota maji palepale taka zilipotua. Mjukuu wa fundi akaugua tumbo, akapona kwa shida. Wiki ileile fundi aliacha mageti ya watu na kuanza kazi nyingine.

Alikusanya mabidoni matupu ya mawese, yale madumu ya plastiki, akaziba vifuniko kwa lami, akayaunga mstari mrefu na kuning'iniza nyavu kuukuu chini yake. Tuliutega mstari huo mdomoni mwa mto, mshazari, ili mkondo wenyewe usukume taka hadi kwenye kizimba cha nondo kando. Sisi tulizoa kwa reki.

"Fundi, leo umevua sandali ngapi?" wapita njia walimtania.

"Tatu, zote za kushoto. Leta mguu tupime!"

Baada ya majuma machache, pale pa kuchotea ungeweza kuona mchanga chini ya maji.

Ncha moja ya mstari ilifungwa kwenye nguzo kwa kamba ya katani. Fundi alinionya tangu mwanzo: "Mayi ikikasirika kule mulimani, unakata kamba mara moja, yote inafunguka kama mulango. We mutoto wa Tabora, usiniletee akili ya waya."

Lakini kamba iliibwa mara mbili, watu wakafungie mbuzi. Mara ya tatu nilifunga waya mnene, nikausokota kwa koleo. Nilikusudia kumwambia. Kesho yake nikasikia kuna gari linakwenda Ruziba kuchukua samaki, nikadandia. Hakuna aliyenituma, kukaa mahali pamoja kulikuwa kunanishinda. Barabara ikafungwa kwa mapigano nyuma yetu, nikakwama huko siku tatu.

Siku ya pili mvua kubwa ilinyesha milimani. Fundi alishuka mtoni na kisu chake. Alipokuta waya, alisimama maji yakimfika kiunoni, akaanza kuusokotoa kwa vidole. Gogo likaja na mkondo, likamminya mkono kwenye nguzo. Mstari ukakatika wenyewe, mabidoni na nyavu vyote vikaenda ziwani.

Nilimkuta nyumbani, mkono umefungwa bandeji, vidole vitatu havipo. Majirani walitaka kujua nani aliyeweka waya.

"Ni mi," alisema kabla sijafungua kinywa. "Uzee. Nilisahau."

Alinitazama mara moja tu. Mimi nilitazama chai niliyopewa.

Nilikaa miezi mingine, nikishika mashine ya kuchomelea huku yeye akinielekeza. Mstari hatukuujenga tena. Wanawake walirudia kusukuma taka kando kwa bidoni kabla ya kuchota.

Siku niliyoondoka, zipu ya begi langu ilikatika bandarini. Fundi, aliyekuja kunisindikiza, alitoa kamba ya katani mfukoni, akalizungushia begi, akakaza fundo kwa mkono mmoja na meno.

"Ukifika, vuta hapa tu. Mara moja, inafunguka."

"Asante, mzee," nikasema. Tangu Nyakabiga nilikuwa nimepanga maneno mengine, lakini nilisema hayo tu, nikapanda meli.

Kigoma nilishinda siku mbili na nguo zilezile mwilini, kwa kuwa sikuwa na moyo wa kuivuta kamba ile na kulifungua begi.