Nilitega nyavu mdomoni mwa khor wakati wa sala ya Ijumaa, akaulizwa mzee wa watu

Wakuu, assalaam alaykum. Wanaonipa shikamoo, marahaba, nimeshafika umri wa kuitikia tu.

Nianze na jambo lenyewe. Shemeji yangu aliniambia tukatege nyavu mdomoni mwa khor watu wakiwa msikitini, na mimi nikamjibu "haya". Katika maneno yote niliyowahi kuyasema, hilo ndilo ningelirudisha kinywani kama ingewezekana.

Haya yamenikuta mwenyewe. Sikutia chumvi, na palipo na aibu, aibu ni yangu.

Ilikuwa Sur, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi mzaliwa wa Pemba, nimesoma hadi sekondari, nikaja Oman na wazee wangu. Nilikuwa mtunza stoo kwenye ofisi moja ya serikali. Bahari kwangu ilikuwa ya wikiendi, na wakati ule wikiendi ilikuwa Alhamisi na Ijumaa.

Leseni ya kuvua nilikuwa nayo. Aliyenifanya niwe nayo ni Ami Khamis, Mpemba mwenzangu, mtu mzima kuliko mimi, yeye akiishi kwa bahari tu. Chombo chake ndicho nilichopanda, na nyavu yangu tuliisuka barazani kwake.

Sasa kwa wasiopajua. Khor ni ule mkono wa maji pale wadi, yaani bonde la mto wa mvua, inaposhuka kukutana na bahari. Mvua ikinyesha milimani, wadi inaleta maji, na mkizi, ambao hapa wanaitwa biyah, wanajaa ndani ya khor. Wakishanenepa wanatoka kwenda kutaga baharini, na njia ya kutokea ni ile moja, mdomoni.

Sheria ilikuwa nyepesi kuliko sheria zote za uvuvi. Ndani ya khor rusha kimia upendavyo. Mdomo usiuzibe. Serikali iliandika hivyo, na kabla ya serikali wazee wa bahari walikuwa wanasema hivyo hivyo.

Nilikuwa naijua. Sitaki mtu anitetee kwamba sikujua.

Ila wiki ile tulikuwa na wageni wa posa. Mtu wa Nizwa, ndani kabisa ya bara, alikuwa anakuja na wazee wake kumposa binti yangu, na mke wangu alishaanza kufua mapazia. Shemeji, kaka wa mke wangu, akashuka kutoka Ibra na pikapu yake kuja kusaidia. Kusaidia kwake kulikuwa kukaa na kushauri.

"Watu wa Nizwa unawapa nini?" akaniuliza.

"Mbuzi."

"Mbuzi! Wanatoka kwenye mbuzi wanakuja kwenye mbuzi. Wewe mtu wa pwani, khor imejaa biyah, unawatazama kama sinema?"

Nikamwambia mdomoni hairuhusiwi, na kwa kimia hatupati wa kutosha watu wale wote.

"Kesho Ijumaa," akasema. "Mwenye gari la doria Muislamu, wavuvi Waislamu, mpaka mwenye duka Muislamu. Nani atakuona? Tunatega kabla ya adhana, wakitoa salamu sisi tumeshavuta."

Nikasema, "Haya."

Hesabu yetu ilikuwa nzuri, wakuu, ila tulisahau kitu ambacho kila mtoto wa chuo cha Kurani anakifahamu. Msafiri halazimiki kusali Ijumaa.

Tulitega maji yalipoanza kutoka. Khutba tunaisikia kwa mbali kwenye spika, na mimi sikuwahi kuikosa Ijumaa nikiwa mzima. Maboya yakaanza kuchezacheza. Shemeji anacheka peke yake. "Angalia! Angalia hao!"

Mara gari jeupe likashuka ufukweni. Mkaguzi wa uvuvi alikuwa anatoka Ashkhara, yuko safarini, adhuhuri yake na alasiri ataziunganisha mbele ya safari. Anajipitia zake kutazama maji.

Tulikimbia kama watoto walioiba maembe. Tukajibanza nyuma ya mashua mbovu zilizopinduliwa, mimi na ndevu zangu, shemeji kanzu kaikunja kiunoni. Tukamwona mkaguzi anavua viatu, anakunja suruali, anaivuta nyavu peke yake na kuwaachia samaki mmoja mmoja. Nyavu akaipakia garini, akaondoka.

"Alhamdulillahi," shemeji akasema, "nyavu haina jina."

Jina haikuwa nalo. Lakini nyavu za Sur zinatiwa risasi chini ili zizame. Ami Khamis hakuwahi kutaka risasi. Yeye alinifundisha ya kijijini kwao Pemba, kushona vijiwe ndani ya vipande vya kanga kuukuu, kimoja kimoja, kama vifuko vya hirizi. Pwani nzima ile alijulikana kwa vijiwe vyake, na wenzake walikuwa wakimtania kwamba nyavu yake imevaa nguo.

Mimi nani alijua kwamba navishona? Mtu wa stoo.

Kesho yake baada ya alasiri kikao cha wazee wa bahari kikakaa, na mkaguzi yupo. Ndivyo desturi ilivyo, kosa la baharini linaanza kwa wanabahari wenyewe. Nilikwenda na shemeji, tukakaa nyuma kama watu wa kusikiliza tu. Nilijiambia nitasikia kwanza, kisha nitaona.

Nyavu ikamwagwa mkekani. Mzee mmoja akaokota kifuko cha kanga, akakigeuzageuza.

"Khamis," akasema, "hii nguo yako."

Watu wakacheka. Ami Khamis hakucheka. Akaja, akachukua kile kifuko, akautazama mshono kwa muda, akakirudisha.

"Si yangu."

"Sisi tunakusadiki, ya Khamis, lakini mkaguzi hakujui," mzee akasema. "Na usituambie ulikuwa msikitini, nyavu inategwa kabla ya adhana. Apa, uende zako. Apa kuwa si yako, na kwamba hujui ya nani."

Huku Oman, mtu mwenye heshima yake akiapa, jambo limekwisha. Hakuna atakayerudi nyuma ya kiapo.

Ami Khamis akasema, "Wallahi si yangu. Hilo nimeapa. Hilo la pili siapi."



"Kwa hiyo unamjua?"

"Nimesema siapi."

"Taja basi."

"Sitaji mtu kwa kitu ambacho sikukiona kwa macho yangu."

Mzee akamsihi, na mkaguzi naye akamsihi, kwa adabu kabisa. Wakamwambia asipoapa wala kutaja, itabidi kosa alibebe yeye, leseni itachukuliwa, na msimu wa nguru uko mlangoni. Yule hakuwa na ofisi wala mshahara kama mimi. Leseni ile ndiyo sahani ya watoto wake.

Akakaa vile vile, mikono magotini. Hakugeuka nyuma hata kidogo kunitafuta.

Shemeji akanifinya paja. "Nyamaza. Huyu hatakutaja mpaka kiama."

Nadhani maneno yale ndiyo yaliyoninyanyua. Nikasimama.

"Nyavu yangu."

Mnajua kilichofuata? Hawakuniamini! Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe? Keti, bwana stoo. Wazinjibari mnapendana, lakini uongo huu mkubwa kwako."

"Naapa ni yangu."

Mkaguzi akatoa kifuko kilichofumuka, akanipa pamoja na sindano ya nyavu na uzi. "Shona."

Nikakaa mkekani nikashona kijiwe mbele ya wanaume wote wale. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Nilipomaliza mzee akakiweka karibu na vingine, akaacha kucheka. Mshono wangu unalala upande mmoja, wa Ami Khamis unalala mwingine. Hilo ndilo alilokuwa ameliona yeye tangu pale mwanzo.

"Khamis, nenda nyumbani," mzee akasema.

Wakuu, raha niliyoipata pale siwezi kuieleza. Nilikuwa nimeshakamatwa, lakini pumzi ilishuka mpaka tumboni. Nilidhani nitafungwa, sikufungwa. Nilidhani nitafukuzwa kazi, mkubwa wangu alinicheka tu. Nikatozwa faini, nyavu ikachukuliwa. Watu wa Nizwa wakaja, wakala mbuzi, wakasifu, na posa ikapita. Binti yangu leo ana wajukuu wangu. Na Ami Khamis alivua nguru msimu ule na misimu mingi baadaye.

Nje ya kikao nilimfuata, nikataka kumshika mkono. Alinipa. Akasema, "Umefanya vizuri kusema. Lakini nimeulizwa yote yale, na wewe umekaa unanitazama."

Akauachia mkono wangu, akaenda zake.

Nilichojifunza ni kwamba sheria ya mdomo wa khor si ya kumwogopa mkaguzi. Ukiuziba unamzibia mtu njia, samaki au binadamu, na mara nyingi ni yule usiyemkusudia. La pili, ukishajua utasema, sema kabla mwenzako hajaulizwa. Waliopo Sur, Jalan na Ashkhara, na nyinyi wa visiwani, nielezeni kwenu mdomo wa mto unalindwa vipi. Na mwenye kutaka kunisuta anisute, uwanja ni wake.

Mimi ile "haya" yangu ilinigharimu leseni, sikupewa tena. Na ilinigharimu Ami Khamis. Tulisalimiana kila Ijumaa kwa miaka mingi mpaka Mungu alipomchukua, lakini hakunipakia tena kwenye chombo chake.